Mzee Chujio, Mfukuza Matangazo, Anastaafu

Ijumaa, 30 Juni

Kwako Mzee Chujio,

Utaratibu wa hafla unataka nikuseme kana kwamba hupo. Basi vumilia.

Baada ya miaka ishirini na sita katika ofisi yetu ya maji, fundi wetu wa mtandao anastaafu leo. Alianza kwa kuvuta nyaya darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, na hakuna aliyemwambia hadi jioni. Baadaye akakabidhiwa proksi, mashine iliyokaa kati yetu na mtandao. Kila ukurasa tulioufungua ulipita kwake kwanza. Anwani za kamari alizifungia mlango, wahasibu wakamnunia msimu mzima wa mpira. Matangazo aliyang'oa, na palipobaki pengo akaweka picha za bata wake.

Mkurugenzi naye yalimkuta. Alilipia tangazo la ofisi kwenye tovuti ya gazeti, akawaita wageni waje walione. Kufungua: bata, tena amewapa mgongo. Akaligombeza gazeti kwa simu hadi sauti ikamkauka, na wao wakaapa kwamba tangazo lipo. Mzee akaitwa. "Lipo, bosi," akasema bila kupepesa. "Mji mzima unaliona. Ni humu ndani tu nimelizuia."

Mke wangu, keshia wa dirisha la pili, alimwita kaka, ndiyo maana mimi ni shemeji yake. Mke wangu alipougua, nilitafuta dawa mtandaoni nikiwa hapa kazini. Nilipomzika na kurudi, matangazo ya dawa zile yalikuwa yakipenya kwa anwani mpya kila kukicha, kila ukurasa ukiniuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Mzee alikuja kunibadilishia kipanya, akayaona. Wiki nzima aliziwinda anwani zile. Kwenye kompyuta yangu peke yake hakuweka bata. Aliweka picha ya mke wangu siku ya michezo ya wafanyakazi: ameshika kamba ya kuvutana, ameshaanguka, anacheka.

Jumatatu mashine mpya inaanza kazi na ya Mzee inazimwa. Mafundi wa hiyo mpya walisema kanuni iliyowekwa kwa kompyuta ya mtu mmoja, kama ile ya picha yangu, haihamishiki. Nikaomba angalau nipewe picha niondoke nayo. Mzee akakataa. "Ukiifungua mwenyewe utalia, shemeji. Iache ikutokee."

Akagoma kukabidhi nywila. Mafundi wakalalamika, wakapanda hadi kwa mkurugenzi. "Mwekeeni hiyo picha," mkurugenzi akafoka, "la sivyo huyu hastaafu, na mimi nimemchoka!"

Jana alasiri waliijaribu mashine mpya. Nilikuwa nasoma habari za mvua. Akanitokea, chini kabisa ya ukurasa, anacheka.

Asante, Mzee. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na simu chache za kuulizwa nywila. Siku moja moja utukumbuke, mimi na dada yako.