Bi Mize binti Muhidini, Mwanika Tasi wa Jibondo

Kila aliyezaliwa ana siku ya kurejea kwa Mola wake, na jana ilifika siku ya Bi Mize binti Muhidini. Marehemu alizaliwa kisiwani Chole mwezi wa Rajabu, mwaka 1870, mtoto wa pili wa Mzee Muhidini bin Abeid, muuza nguo, na Bi Sihaba, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alisoma chuo kwa Maalim Zahor, akahitimu Kurani kabla hajavunja ungo. Sauti yake ilisifiwa, lakini pua yake ilisifiwa zaidi, kwani aliweza kunusa wali unaoungua nyumba ya tatu.

Mfunguo Mosi mwaka 1892 aliolewa na Hemedi bin Shaibu, mvuvi wa madema, ile mitego ya kusukwa, wa hapa Jibondo. Chole kuna visima. Jibondo ni mwamba, na maji ya kunywa huletwa kwa mashua. Marehemu aliambiwa hayo, lakini kuambiwa si kuona. Wiki yake ya kwanza Hemedi alileta tasi, samaki wetu wa kila siku: bapa, mwenye miba inayochoma, anayekula mwani na majani ya bahari tangu udogoni mpaka siku anayoingia demani. Kwa chakula hicho, matumbo yake yakichelewa kutolewa hunuka ua mzima. Wajibondo wamezoea. Humpasua pwani, humwosha kwa maji ya chumvi na kumwanika juani awe ng'onda, samaki mkavu. Bibi harusi hakuzoea. Aliwaosha tasi wale kwa mtungi wa maji ya kunywa, mpaka tone la mwisho, kisha kwa furaha akamwita mkwewe, Bi Kijakazi, aje anuse.

Bi Kijakazi hakunusa. Aliuinamisha mtungi, akamwambia mwanawe, "Mgeni huyu mrudishe kwao kabla hajatuua kwa kiu."

Hemedi hakumrudisha, ila jina la mgeni lilimganda mkewe kama kupe. Alizaa, akalea, na bado kwenye shughuli alikaribishwa mkeka wa wageni. Lilimuuma sana. Alilia mara nyingi, akitamani ahesabiwe mtu wa hapa, siku moja tu.

Lakini hakuwa mtu wa kulia tu. Alimwomba mumewe awapasue tasi mlemle mashuani, mara dema linapoinuliwa, matumbo yatupwe baharini. Kupasua samaki ilikuwa kazi ya wanawake, na wavuvi wenzake walimuuliza Hemedi kama atawasuka na nywele. Alivumilia, mume mwema yule. Ng'onda wa nyumba yake wakawa watamu, hawana uchungu wala harufu. Watu wa Chole, waliokuwa wakiziba pua mashua ya Jibondo ikitia nanga, wakaanza kuulizia tasi wa Mize. Kufikia mwaka 1901 kila mvuvi alikwenda na kisu, na waliocheka ndio waliopasua kwa bidii. Tasi wabichi walibaki kwa mchuzi wa nazi. Ng'onda wakauzwa, wakaleta mihogo, kanga na mbao za mashua.

Bi Kijakazi hakutoa neno la sifa. Alianza tu kumwita mkaza mwanawe kwa jina lake.

Mwishoni mwa mwaka jana marehemu alishikwa na homa na maumivu ya tumbo. Mkwewe, ambaye macho yake yamefifia, alimlisha tasi akichambua miba kwa vidole, na hakumruhusu mtu mwingine kuifanya kazi hiyo. Marehemu alifariki jana alfajiri, mwezi huu wa Shaabani, mwaka 1917, akiwa na miaka arobaini na sita.

Ndugu zake walikuja na mashua ili akazikwe Chole, kwa wema kabisa. Walimkuta Bi Kijakazi amekaa mlangoni, hapishi mtu.

"Huyu yuko kwao," aliwaambia. "Chimbeni hapa, ubavuni mwa pale nitakapolala mimi."

Marehemu ameacha mume, Hemedi. Watoto watatu, Mwatima, Mbaraka na Jabir, ambaye Mungu akipenda ataoa Chole baada ya arobaini. Mjukuu, Zubeda, aliyeanza kutambaa juzi. Na mama, Bi Kijakazi, aliyeagiza kwamba katika kutaja wafiwa asiitwe mkwe.

Mola amsamehe, amlaze palipo pema.