Bibi wa Kisimani

Jael alikwisha sema amina, lakini hakufumbua macho. Feri ya Likoni ilikuwa ndiyo kwanza inaondoka, na wanaume wawili waliosimama kando ya Jael walikuwa wakibishana juu ya mashine kuukuu ya gemu iliyokuwa mfukoni.

"Wateja wa kibanda changu cha gemu wanataka mpira tu," alisema mwenye mfuko, Mzee Mwinyihaji. "Huo mchezo wako wa kuzunguka na upanga ukiongea na wanakijiji, nani ana subira nao? Leo naiuza mashine na vyote vilivyomo."

"Mzee, usiuze, nimebakisha lango la mwisho," alisihi Fidel, kijana wa bara. "Nilikwama miezi. Nilikuwa nampita yule bibi wa kisimani nikimbilie vita. Siku moja nikasimama nikamwamkia, vile mmenifunza huku kwenu. Nikawa namwamkia kila nikipita, hadi akanipa ufunguo. Gemu za sasa zinakuonyesha njia kwa mshale. Hii inataka adabu."

"Ufunguo? Wallahi nimeicheza mwaka mzima, sikuuona."

"Ulimwamkia?"

Jael akafumbua jicho moja. Mzee alikuwa akijikuna kidevu.

"Yule ni picha tu, bwana!"

"Ni picha, lakini ni mkubwa wako."

Feri ikagusa ng'ambo na watu wakaanza kushuka. Huko juu mnunuzi alikuwa akimpungia mkono Mwinyihaji, naye hakusogea.

"Ehe," mzee alimuuliza Fidel, "na alipoitikia, ulimuuliza hali ya nyumbani?"