Swali Alilonifuata Nalo Mama Walburga Shambani

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkuu wa Idara ya Ustawi wa Jamii, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Walburga, unayestaafu leo huku ukitutazama kama tuliochelewa kazini: shikamoo.

Mimi ni Leonce, baba Otto wa Mjimwema. Nimeombwa nimsifu mama huyu. Nianzie wapi, wakati kwa miaka saba amekuja kwangu bila kualikwa na kukosoa mboga?

Binti yetu, dada yake Otto, ameniruhusu niseme. Hotuba ameikagua mwenyewe, akafuta sentensi mbili. Alipokuwa na miaka minane, mpangaji wetu alimfanyia ukatili wa kingono. Mtu yule alifungwa. Mtoto alitibiwa, akapata wa kuongea naye. Sisi wazazi je, nani alituuliza hali? Mke wangu Kunegunda aliacha kwaya. Mimi niliacha kula naye. Kila siku nilimuuliza jambo moja: "Ulikuwa wapi?" Yeye aliosha tena vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ndipo akatokea Mama Walburga, afisa wa Ustawi wa Jamii.

"Mtoto yuko shule," nikamwambia.

"Nimekuja kwako."

"Mimi siumwi."

"Nani amesema unaumwa? Sogea, nikae."

Akakaa, ndugu zangu! Akawa anarudi kila Alhamisi, anakula maharage yetu, anasema hayana chumvi. Nikajificha shambani, akanifuata na viatu vyake vya ofisini, akateleza, akanilaumu mimi. Kisha, kwa upole ambao sikujua kama anao, akauliza: "Baba Otto, na wewe ulikuwa wapi?"

Nililia mpaka jembe likanidondoka. Mpangaji yule nilimleta mimi. Nilimwamini, nikamkaribisha mezani. Miezi minne nilimtupia mke wangu swali lililokuwa likinichoma mwenyewe. Kunegunda, aliyekuwa akipalilia upande wa pili, akaja akaketi karibu nami. Hata Mama Walburga alinyamaza, jambo ambalo idara haijalishuhudia tena.

Hatukupona siku ile. Tulianza tu kula pamoja. Leo binti yetu yuko kidato cha tatu, mbishi kweli. Tunagombana kuhusu nywele, nami nafurahi kupita kiasi.

Mama, nenda kapumzike huko unakohamia. Majirani zako wapya tunawaonea huruma, tena tunawaonea wivu.

Na wewe Kunegunda, radhi nilikuomba ndani ya nyumba. Leo nasema mbele ya watu: hukuwa na kosa lolote, mke wangu.

Asanteni nyote kwa kunivumilia mpaka hapa.