Mtu Aliyelipwa Kukaa Juani

Jumatano, tarehe kumi na moja, saa nne na dakika ishirini asubuhi: hapo ndipo nyumba hii ilipogeuka, na saa ya ukutani kule kiwandani inasema hivyo hivyo hadi leo, kwa kuwa mlipuko uliisimamisha nami nikakataza isiguswe. Sikilizeni, wanangu. Na wewe kitindamimba, acha kutazama mlango. Karatasi iliyo mfukoni mwako naijua, dada yako kaniambia. Watu kumi na wawili wa kuachishwa kazi mwisho wa mwezi. Nigeuzieni mto kwanza. Basi, uacheni, hauna raha upande wowote.

Mnasema mishahara inatumaliza. Ni kweli. Sufuria za bei ya chini zimejaa madukani, na mwenye kiwanda asiyeangalia gharama zake hufunga milango, wakakosa wote. Sikatai kupunguza. Nakataa kupunguza kwa macho, kama nilivyofanya mimi.

Mnamkumbuka Kaa-Juani. Kazi yake ilikuwa kuanika alumini chakavu uani, kugeuza kipande kimoja kimoja, kutikisa kila birika kuukuu sikioni kama mtu anayenunua nazi, kabla halijaingia tanurini. Mimi nikipita nilimwona amekaa kwenye ndoo, basi. Nikamtania, "Wewe bwana, nakulipa uote jua?" Akacheka: "Mzee, mimi nalipwa nikae. Siku nikisimama, mtakimbia nyinyi." Biashara ilipobana nikamwachisha, miaka kumi na tisa ya kazi kwa mazungumzo ya dakika tano, nikajiona hodari. Kaka yenu mkubwa, aliyesimamia tanuri, akaniomba, "Baba, punguza kingine." Nikamwambia jua linajua kuanika lenyewe, naye atakuwa akitupia jicho. Kumwongezea mtu kazi ya pili bila kumpunguzia ya kwanza, hiyo nikaiita akiba.

Mvua ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu jua likawaka, kila kitu kikaonekana kikavu. Birika moja tu, wanangu, maji ya kijiko kimoja yamejificha mdomoni mwake, na alumini iliyoyeyuka haivumilii maji: kaka yenu alipolitia tanurini, likalipuka. Mimi nilikuwa ofisini, napiga hesabu ya nilichookoa. Akiba haiozi, walisema wahenga. Yangu ilioza saa ile ile, na mwanangu wa kwanza nikamzika kwa mkono uliotia sahihi barua ya yule mtu.

Basi anzeni na mimi. Gari langu liuzwe, na fungu letu la faida, sisi wenye mali, tusilichukue mpaka mwaka uishe. Mfuniko wa tanuri umepinda, moto unatoka bure, tengenezeni. Kila sufuria ya tano inarudi kuyeyushwa kwa kuwa kalibu za kumiminia zimechakaa, tunalipa kazi mara mbili kwa sufuria moja. Mishahara inapotelea hapo, si kwa yule mama anayeng'arisha. Zamu ya Jumamosi, tanuri likiwa nusu tupu, ifuteni, lakini kaeni na watu kwanza, muwaulize nini kinawapotezea muda. Wanajua. Sikuwahi kuwauliza. Anayestaafu, nafasi yake isijazwe kwa pupa. Na kabla hujamwondoa mtu, kaa kwenye ndoo yake siku saba, uone anazuia nini kisitokee.

Mbona feni ya tanuri inavuma, na leo si siku ya kazi? Hamuisikii? Fungueni dirisha... hapana, fungeni.

Kaa-Juani yuko uani, nimesikia kikohozi chake. Mimi ndiye niliyemwita. Miaka sita sijamwomba radhi. Kwanza niliona aibu, kisha nikaona nimechelewa. Aingie akae hapa, kitini, asisimame. Kesho arudi kazini, na awafundishe wengine wawili, maana naye ni mzee.

Kitindamimba, hiyo karatasi. Iweke kifuani pangu... hivyo. Mnizike nayo. Mkiandika nyingine, mtakuwa mmeandika jina langu.

Mungu awape riziki isiyoliza mtu. Mpendane... dada yenu msimwachie mzigo peke yake. Nishikeni mkono. Semeni nami, taratibu, pumzi imekuwa fupi.

Ee Mwenyezi Mungu, mwanangu aliingia motoni kwa kosa langu. Usimwonyeshe moto mwingine. Mlaze... mlaze penye kivuli. Amina.