Kuku Asiye na Kichwa

Mheshimiwa mwakilishi wa kijiji chetu, Bosi wetu Mok Siu-kei unayestaafu leo, kijana wetu Chi-lap unayekirithi kiwanda cha baba yako, ndugu wageni waalikwa, nanyi wenzangu wa mitungini:

Mimi Fung Yin-ha, msimamizi wa mitungi ya sosi ya soya, nimeombwa nimsifu Bosi. Nitamsifu. Lakini kwanza niulize: huyu kuku mezani mbona hana kichwa?

Tangu enzi za babu zetu, kwenye karamu ya kufunga mwaka, mfanyakazi aliyeelekezewa kichwa cha kuku alijua kazi yake imekwisha. Ni ukatili, ndiyo, ila mtu alilijua lake. Leo hakuna anayelijua lake, ndiyo maana hamjagusa chakula. Nawaona.

Bosi Mok alinifundisha sataranji yetu ya Kichina wakati wa mapumziko ya mchana, juu ya mtungi uliopinduliwa. Nikijifanya siviziii kete yake, alinicheka: "We Yin-ha, hapa magari ya vita na farasi hupangwa wazi. Ukitaka kunila, nile nikikuona." Na kweli, hakuwahi kumla mtu kwa siri. Ipo sifa kubwa kuliko hiyo?

Basi ni nani aliyewaleta wale mabwana wa viatu vinavyong'aa, wakaupima ua wetu kwa kamba? Chi-lap aliniambia ni watu wa bima. Watu wa bima, mwanangu, huhesabu mitungi. Ardhi iliyo chini yake inawahusu nini? Na mbona mwezi huu hatukuloweka soya mpya? Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Na ua huu ukiuzwa, sisi wenye mvi tutaajiriwa na nani?

Kabla ya kusimama hapa nilipita jikoni. Mpishi akajikuna shingo: "Shangazi, bosi mdogo kasema kichwa kikatwe, eti mambo ya kizamani." Nikamwuliza kiko wapi. Akafunua sufuria.

Hiki hapa, kwenye kibakuli. Naogopa, wala sifichi. Nakiweka juu ya sinia la katikati, na sinia hili, kama mjuavyo, linazunguka.

Bosi, ahsante kwa kututunza miaka yote. Mimi nimeshapanga kete zangu wazi. Sasa zungusha wewe, kwa mkono wako, si wa Chi-lap.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Siketi mpaka sinia lisimame.