Walsi ya Kubadilishana na Mkwe Aliyeruka Dirisha

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Shehe na Padri, ambao leo mmekaa benchi moja bila hata kulazimishwa; Ndugu Abubakary, mwenyekiti wa mtaa, uliyetuazima ukumbi; ndugu wageni waalikwa kutoka Ruangwa, mliosukuma gari kwenye matope ya Nanganga kwa mvua hizi za tisini na nane; na ninyi msioalikwa mliofuata harufu ya pilau: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Naitwa Eustakio, wa Nambambo. Shule niliiacha darasa la tatu, au yenyewe iliniacha mimi, hatujaelewana mpaka leo. Nimeambiwa nieleze, katika ufunguzi huu wa darasa la dansi ya ukumbini, dansi hiyo ni kitu gani na ina mitindo gani. Nitaeleza. Lakini Mheshimiwa, ukiniona natazama mlango kuliko ninavyokutazama wewe, usichukie. Kuna mtu namngoja, na roho yangu haijakaa vizuri tangu Jumamosi.

Dansi ya ukumbini ni ya wawili, sio ngoma zetu za kila mtu na kiuno chake. Mwanamume anashika mkono mmoja wa mwanamke, na mkono wake mwingine anauweka mgongoni, juu, Shehe, juu, chini kidogo tu ya bega, na katikati yao hewa inapita. Nilijifunzia wapi? Enzi za mradi wa karanga nilikuwa naosha vyombo kwenye klabu ya Wazungu hapa hapa Nachingwea, na dirisha la jikoni lilitazama ukumbini. Sahani nilivunja nyingi, lakini mitindo yote niliipata.

Walsi ndiyo mama yao: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, mnazunguka kama mliobeba ndoo kichwani na hamtaki maji yamwagike. Foksi ni ya kutembea. Mnakwenda ukumbi mzima kama watu wanaojua waendako, kumbe hamwendi popote. Tango ni ya ugomvi: shingo zimekakamaa, kila mmoja anatazama kwake, mara mnageuka ghafla, wenye ndoa za miaka mingi wanaiweza bila kufundishwa. Rumba mnaijua, msijifanye. Na chachacha ni rumba iliyokanyaga siafu.

Haya. Umebaki mtindo mmoja, na huo ndio unaonitoa jasho hapa mbele yenu. Ni walsi ya kubadilishana. Watu wanafanya duara, wawili wawili. Filimbi ikilia, kila mwanamume anamwachia wake na kusogea kwa mwanamke wa mbele. Kwa wale Wazungu ilikuwa raha tupu. Lakini jiulizeni, ndugu zangu: Mzungu akisogea alimkuta nani? Mke wa bwana posta. Sisi tukisogea tunamkuta nani, katika Nachingwea hii ambayo kila mtu ni shemeji au mkwe wa mtu?

Jumamosi, kwenye mazoezi, nikapuliza filimbi. Bonifasi, mume wa binti yangu Jenifa, kijana mwenye miguu mizuri kuliko wote, akamwachia mkewe, akasogea, akanyoosha mikono, akainua macho. Mbele yake kasimama mke wangu Lusiana. Mama mkwe wake! Mtu ambaye akikutana naye njiani huingia majanini ampishe, mtu ambaye hajawahi kula tonge mbele yake, leo anataka kumshika mgongo! Mnacheka? Yeye hakucheka. Aliruka dirisha lile pale, kofia ikabaki imenasa kwenye ndoano. Mama Tunu, wewe ulikuwapo, ulisemaje? "Eustakio, umetuharibia mtoto wa watu." Ndivyo ulivyosema, tena kwa sauti.

Tangu siku ile Bonifasi yuko Namungo, huko Ruangwa, kwenye machimbo. Salamu alizozituma kwa dereva wa lori ni hizi: "Mwambieni Jenifa, nitaingiaje tena kwenye uwanja wa mama yake? Kwa uso upi?" Jenifa ndiye huyu hapa mbele. Kofia kaipakata, anaikung'uta vumbi lisilokuwapo. Mimi mtu wa mzaha, mnanijua, hata msibani huwa nafukuzwa. Lakini nikimwona mwanangu na kofia ile, mzaha unanikauka mdomoni. Itakuwaje nyumba yake ikivunjika kwa filimbi yangu?

Nikatuma jibu kwa lori lile lile: "Rudi, mkwe. Mtindo ule nimeufuta. Njoo ufunguzi." Sikupata neno.

Naona mwenyekiti ananikonyeza nimalize. Simalizi, Abubakary, kwa sababu kuna bega nyuma ya ule mlango. Nimeliona tangu kwenye foksi. Linachungulia, linarudi. Lina matope ya njia nzima ya Ruangwa.

Bonifasi! Ingia, baba, hakuna filimbi leo!

Haingii. Na sasa ndio naona, mzee mjinga mimi: Lusiana kakaa pale pale mlangoni. Ili kijana aingie, inabidi apite goti kwa goti mbele ya mama mkwe wake. Na viti kavipanga nani? Mimi.

Mama Jenifa, unakwenda wapi? Mpisheni, mpisheni. Kajitanda kanga, anapita kwangu aende mlango wa jikoni... Mmesikia alivyoninong'oneza? "Punguza maneno, mtoto aingie." Katoka.

Haya, huyo. Ameingia. Msipige makofi, atakimbia tena! Jenifa, simama taratibu, mvalishe kofia yake. Hivyo. Hivyo hivyo.

Mheshimiwa, ratiba yako inasema dansi itafunguliwa na mimi na mke wangu. Naibadilisha mbele yako: watafungua hawa wawili. Mimi nakwenda uani. Muziki unafika mpaka huko, na huko kuna mwanamke kasimama peke yake kwenye matope ili mkwe wake apate kuingia, na hana wa kumshika mgongo. Juu, Shehe, juu.

Nawashukuru kwa masikio yenu na uvumilivu wenu. Ashraf, weka kaseti ya walsi, fungulia sauti. Nipisheni nipite.