Vigae Sita Visivyo na Namba

Kabla sijataja cheo cha mtu yeyote, nina ombi. Haya nitakayoyasema yasitoke nje ya ukumbi huu mpaka Jumatatu adhuhuri, barua yangu itakapokuwa imefika makao makuu na kugongwa muhuri. Utaratibu unataka wakubwa walisome jambo hili kwanza, wasije wakalisikia sokoni. Najua tupo watu tisini hapa, na madirisha yote yako wazi. Hata hivyo, naomba.

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Mgeni wetu Rasmi. Ndugu Mkuu wa Kituo chetu cha Makumbusho. Ndugu wageni waalikwa. Wafanyakazi wenzangu wa stoo, wa bustani na wa lango. Ndugu zetu wa kilimani, mliochimba kwa mikono yenu na leo mmekaa nyuma ingawa viti vya mbele vipo. Shemeji yetu fundi saa, uliyetuazima mkeo kwa miaka thelathini na mmoja. Na wewe mwenyewe, Bi Lebo, unayestaafu leo: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kwenye ratiba zamu yangu imeandikwa hivi: "Karani, neno la shukrani, dakika tatu." Ratiba niliichapa mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nitazidisha kidogo, mnisamehe. 

Wageni huenda mnajiuliza jina hilo lilitoka wapi. Mtunza stoo wetu hakuwahi kukiacha kitu bila lebo. Kiti chake kina lebo, mwavuli wake una lebo, hata mfuniko wa bakuli lake la chakula una lebo, na bakuli lenyewe lina yake, visije vikakataana. Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta ananitazama, kamba na kikaratasi mkononi. Akaniuliza, "Wewe kijana, wa chumba gani?" Nikamwambia, "Masjala, mama." Akacheka: "Basi nenda masjala, kabla sijakufunga hii shingoni."

Tulicheka sana na lebo hizo, lakini je, nani kati yetu angekuwa na kilima cha kukitazama leo bila hizo? Mwaka ule mitambo ya kokoto ilipokuwa inakula kilima upande wa mashariki, yeye alikuwa upande wa magharibi anahesabu miti. Hakuna aliyemtuma. Alikata mabati ya makopo, akayachonga namba kwa msumari, akayafunga kwenye miti mia moja na sitini ya asili, ile mikubwa ambayo ndege hondohondo hutagia kwenye mashimo yake. Siku tingatinga lilipofika kwenye mti wa kwanza, dereva alishuka, akaliona bati, akazima injini. Wenzake wakamfokea, "Wewe, unaogopa kopo?" Akawajibu, "Mti wenye namba una mwenyewe. Sitaki kesi mimi." Akageuza. Zuio la kisheria lilikuja wiki tatu baadaye, likaukuta msitu bado umesimama. Bi Lebo tukimsifu kwa hilo husema, "Mimi nilikuwa nahesabu tu."

Upande wa mashariki haukuwa na bahati hiyo. Huko ndiko ndugu zetu wa kilimani walikochimba, kila mmoja na mraba wake wa ardhi uliozungushiwa kamba, wakikimbizana na mashine. Walitoa vigae mia mbili na kumi na vinne, vipande vya vyungu vya watu waliokaa pale kabla ya babu wa babu zetu. Miraba yote ile leo ni kokoto kwenye barabara za watu wengine. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kigae chenye namba ya mraba wake kinaweza kutuambia jiko lilikuwa wapi, watu walilala wapi, walihama lini. Kisicho na namba ni kipande cha chungu kilichovunjika. Vya namna hiyo viko vingi jalalani.

Sasa nafika kwenye jambo langu.

Namba huandikwa kwa wino mwembamba, kisha hupakwa juu yake rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ile ya dukani, ili wino usifutike. Mwaka jana rangi hiyo ilituishia. Bi Lebo aliandika namba zote, akaweka trei mezani, akaniambia, "Usiziguse mpaka zipakwe." Nilimsikia. Kesho yake tukaambiwa wakaguzi wanakuja, nami nikaziona trei zina vumbi. Nimesoma, nina cheti kizuri, na nilitaka wakaguzi waseme kituo hiki kina karani makini. Nikachukua beseni, sponji na sabuni. Niliosha vigae mia mbili na kumi na vinne, kimoja baada ya kingine, na maji yalipoanza kuwa meusi nilifurahi kwamba uchafu unatoka.

Nilimfuata stoo. Nikamwambia, "Bi Lebo, nimeua."

"Umeua nani?"

"Trei zote."

Alikuja, akaangalia, akashika kimoja akakigeuza. Nilisubiri anifukuze. Akauliza, "Umetumia sabuni gani?"

"Ya maji, mama."

"Haya. Angalau ni safi." Akavuta kiti chake chenye lebo, akakaa. "Kaa na wewe. Tuna kazi."

Kumbe kila kigae kabla ya kupewa namba alikuwa amekilaza kwenye daftari na kukizungushia penseli, na mraba wake ameuandika pembeni. Basi kwa miezi mitano, kila saa ya chakula, tulikaa wawili tukilaza vigae juu ya michoro, tukivizungusha, tukitafuta ukingo unaokubali. Mara nyingi nilichoka nikasema, "Hiki kinafanana na huu mchoro, tuandike." Naye akanijibu, "Wewe unafanana na kaka yako. Shemeji yako akuite mume?" Sikurudia tena. Hakukubali kukisia hata mara moja. Vigae mia mbili na saba vilirudi kwenye miraba yake. Saba vilibaki, vidogo, visivyo na nakshi, kila kimoja kikikubali michoro miwili au mitatu. Aliviweka kwenye boksi la viatu, akaandika juu yake: "Hatujui bado."

Mwezi huu nilipewa fomu ya makabidhiano niichape. Kuna mstari unaouliza: vitu vilivyopoteza kumbukumbu, na aliyehusika. Kwa mwandiko wa Bi Lebo pale paliandikwa: "Vigae saba. Mtunza stoo." Nilimwendea mbio. Akasema bila kuinua macho, "Mimi naondoka. Barua ya onyo itanikuta namwagilia mchicha. Wewe bado uko kwenye majaribio ya kazi. Chapa, mwanangu."

Nami nikachapa. Naona aibu kulisema, lakini nilichapa vile vile alivyoandika, na usingizi nikalala.

Kilichonitoa kwenye raha hiyo ni mama mmoja wa kilimani. Yupo hapa, sitamwonyesha, ingawa ameniruhusu nisimulie. Wiki iliyopita alikuja kutusaidia kubeba viti hivi mlivyokalia. Akapita stoo, akaliona boksi, akachukua kigae kimoja na kukishika kama mtu aliyeokota kitu chake.

"Hiki ni changu," akasema. "Nilikigonga kwa jembe, kikakatika pembe hii. Msimamizi alisema ukivunja unarudi nyumbani, nikanyamaza. Mraba wa tisa, ule wa kona."

Tukafungua daftari. Mraba wa tisa, mchoro upo, na pembe ile imekatika vile vile. Miezi mitano ya penseli ilishindwa, na mtu mmoja aliyekuwa anaogopa akamaliza kwa pumzi moja. Alipotoka aliniuliza, "Kwani ningesema siku ile, ningefukuzwa kweli?" Nilirudi mezani kwangu, nikaikuta ile fomu ya uongo.

Mheshimiwa Mkurugenzi, bahasha ya kaki iliyo mbele yako imebeba fomu mpya. Kwenye mstari ule pameandikwa: "Vigae sita. Karani." Sahihi ni yangu. Nakala yake ndiyo iliyokwenda makao makuu leo asubuhi, pamoja na barua yangu. Nakuomba, mtunza stoo aliyelinda kila kitu kwa miaka thelathini na mmoja atoke hapa na jalada safi kama alivyoliweka. Langu lifanyeni mtakavyoona ni haki. Bi Lebo, usinitikisie kichwa hivyo. Ulinifundisha mwenyewe kwamba kisichojulikana kinaandikwa hakijulikani, na kinachojulikana kinaandikwa kilivyo.

Unaondoka ukituachia msitu wenye miti mia moja na sitini, vigae mia mbili na nane vinavyojua kwao, na karani mmoja ambaye moyo wake umetulia kuliko mwaka mzima uliopita. Pumzika, mama. Shemeji, tumekurudishia.

Na ninyi ndugu zetu wa viti vya nyuma, je, ni mmoja tu aliyevunja kigae akanyamaza? Miraba arobaini, mashine zinanguruma, msimamizi anafoka, jembe limeteleza mara moja tu? Sidhani. Sita bado viko kwenye boksi. Njooni mvishike. Hakuna atakayeandika majina yenu pasipo ninyi kutaka, wala kuwauliza kwa nini mlinyamaza. Mimi ndiye wa mwisho kuwa na haki hiyo.

Stoo ipo nyuma ya ngazi, mlango wa kijani. Unakwama chini, kwa hiyo usubiri kufunguliwa. Gonga dirisha la pembeni mara mbili. Nipo Jumatatu hadi Ijumaa, na saa ya chakula ndiyo nzuri zaidi. Namba yangu ya simu nimeichapa nyuma ya ratiba zenu. Na ikiwa kuanzia wiki ijayo mtaambiwa karani yule hayupo tena, boksi litakuwepo, nami nitakuwa kwa kaka yangu, nyumba ya pili baada ya fundi baiskeli, yenye mlango wa bati. Niiteni tu kutoka barabarani. Nitavaa viatu, tutakwenda wote.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza. Asanteni sana.